Kazi ya Kupima Upepo

Kwetu Kalembe, hapa mpakani pa Masisi na Walikale, upepo huitangulia mvua kama mpiga mbiu. Siku moja alasiri uliling'oa bati la pembeni la nyumba yangu, ukalitupa katika mihogo ya jirani. Nikasema upepo umeligonga. Mpwa wangu, aliyesoma ufundi huko Goma, akanijibu, "Sivyo, mjomba. Uliliinua." Akachana ukanda wa karatasi, akaushika chini ya mdomo, akapuliza juu yake. Karatasi ikainuka! Upepo ukipita kwa nguvu juu ya ukingo wa paa, alisema, msukumo wa hewa huko juu hupungua, na hewa iliyo ndani hulisukuma bati kutoka chini.

Basi, kijana huyo ameona tangazo la chuo kikuu kimoja cha Ubelgiji. Chatafuta mtafiti wa kufanya kazi katika bomba la upepo, yaani njia kubwa ambamo panka huvumisha hewa, na vitu huwekwa humo vikapimwa. Dada yangu, mamaye, akauliza, "Kaka, mtu mzima alipwe mshahara kwa kupulizia vinyago?" Nami nikacheka, maana sote tulitumaini atakuwa mwuguzi.

Sikucheka tena aliponieleza habari za Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baisikeli wa Marekani. Mwaka 1901 chombo chao cha kuruka hakikuinuka kama hesabu zilivyoahidi. Wakaunda sanduku refu la mbao, upana wake kama sentimeta 40, wakaweka panka upande mmoja. Mizani yake waliitengeneza kwa spoki za baisikeli na vipande vya misumeno. Wakapima mabawa madogo yapata 200, moja moja, wakaona ya kuwa zile hesabu walizozitegemea hazikuwa sawa. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa mashine, sekunde 12 tu, lakini waliruka.

Siku hizi, katika chuo cha von Karman kilichoanzishwa mwaka 1956 karibu na Brussels, liko bomba ambalo mtu aweza kusimama ndani yake. Mtafiti huunda nyumba ndogo, huitoboa matundu kama ya sindano, huunganisha mirija ya kupimia msukumo, kisha huwasha upepo. Huandika, huigeuza nyumba kidogo, huanza tena. Kutwa nzima! Mimi nisingeweza. Kompyuta nazo hukokotoa, lakini majibu yake hulinganishwa na vipimo hivyo.

Dada alinyamaza kitambo. Ya kwamba mwanawe huenda asirudi hakuyasema, ila niliyaona usoni. Kisha akauliza, "Na maturubai je? Huyaweka humo?" Maana katika miaka hii ya vita wengi wetu tumelala chini ya turubai, na upepo umeyapasua usiku tukiwa na watoto.

"Hilo ndilo nitakaloliandika katika barua yangu, mama," akasema kijana.

Anaiandika sasa mezani pangu. Mimi nimekwisha nunua misumari, nikamwuliza nianzie wapi.

"Kwenye kona, mjomba. Huko ndiko upepo huvuta zaidi."