Kipimo Kimoja

Zamani nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole. Muuzaji mfupi alikuwa na mkono wake, na muuzaji mrefu alikuwa na wake. Mnunuzi aliweza kurudi nyumbani na nguo pungufu, wala asiwepo mwizi wa kumshtaki. Msomaji wangu, je, wajua kuwa mgonjwa naye huweza kupimwa kwa mikono ya watu mbalimbali? Mimi sikujua mpaka maradhi yalipobisha hodi nyumbani kwetu.

Mama yangu alishikwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalegea. Alipopata nafuu alihamishwa toka hospitali moja hata nyingine ili afanyishwe mazoezi. Barua aliyokwenda nayo ilisema, "Anatembea." Aliyeandika alisema kweli, maana mama alitembea kwa kushikwa na muuguzi. Aliyesoma alifahamu kuwa mama hutembea peke yake. Usiku ule aliachwa aende msalani bila ya msaidizi. Alianguka, akavunjika mkono wa kulia, na huo ndio uliokuwa mkono wake mzima. Kwa majuma mengi nilimlisha kwa kijiko kama alivyonilisha mimi utotoni.

Baadaye mtaalamu wa mazoezi alinionyesha kipimo cha Barthel, kilichotangazwa Marekani mwaka 1965 na Florence Mahoney na Dorothea Barthel. Hutazama mambo 10: kula, kuoga, kujipamba, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia mkojo, kutumia choo, kutoka kitandani hata kitini, kutembea, na kupanda ngazi. Jumla ya alama ni 100. Atembeaye peke yake hupata 15. Atembeaye kwa kusaidiwa hupata 10. Nilipoyasikia hayo nilinyamaza. Tofauti ya alama 5 ndiyo iliyovunja mkono wa mama.

Mataifa nayo yameona haja hiyo. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilikubali utaratibu mmoja wa kueleza uwezo na ulemavu wa watu. Katika utaratibu huo kutembea huandikwa d450, na kiasi cha shida huonyeshwa kwa tarakimu, toka 0, yaani hapana shida, hata 4, yaani shida kamili. Lugha za waganga ni nyingi, lakini alama hiyo ni moja.

Hata hivyo, tusiiabudu tarakimu. Mwenye alama 100 huenda asiweze kujipikia wala kuishi peke yake, na hapana alama inayohesabu machozi ya usiku. Kipimo huonyesha mahali msaada unapohitajika. Kusaidia ni kazi ya moyo.

Mama aliingia kwa mazoezi na alama 35, akatoka na 70. Barua yake ya mwisho, iliyokwenda zahanati ya jirani, ilisema, "Kutembea: 10." Muuguzi aliisoma, akainuka kitini, akaja mlangoni kumshika mama mkono.

Msomaji, huenda kesho ukawa tabibu, mwalimu au karani, na maisha ya mtu yakategemea neno utakaloandika. Liandike kwa namna ambayo asiyekujua ataelewa kama ulivyoelewa wewe.