MAPOVU YA UHAI

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Methali hii nimeijua tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliipata mwaka jana kule Bungoma.

Mpenzi msomaji, mama alikuwa amekwenda Bungoma kumwona nyanya. Siku ya pili tukapigiwa simu: amejifungua, na mimba ilikuwa ya miezi saba tu! Mimi na baba tukapanda matatu hapa Kitale. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hakuna aliyenena neno.

Mtoto alikuwa mdogo kama kifaranga, kifua kikibonyea kila alipovuta pumzi. Puani alikuwa na mipira miwili, mmoja ukiishia ndani ya chupa ya maji yaliyotoa mapovu, blup, blup. Nikashtuka.

"Sista, si atakufa maji huyu?"

Akacheka. "Maji hayamfikii. Hewa yenye oksijeni inaingia kwa mpira huu, inatokea kwa ule uliozama majini sentimita tano. Maji yanaizuia kidogo, ndiyo vifuko vya mapafu visijifunge. Mapafu yake bado hayana utelezi wa kutosha. Mapovu yakiacha, niite mbio!"

Mama alipokwenda kukamua maziwa, nikabaki nikisikiliza. Mara kimya. Chupa imetulia tuli!

"Sista! Sista!"

Kumbe mpira ulikuwa umechomoka puani. Akaurudisha. Blup, blup. Machozi yakanitoka njia mbili mbili.

Niliporudi shule nilimwuliza mwalimu wa biolojia kama binadamu aweza kupumua maji kama samaki. Akasema hapana, maji hubeba oksijeni kidogo mno. Hata hivyo, mwaka 1966 Clark na Gollan, wanasayansi wa Marekani, waliwazamisha panya katika kiowevu cha perflorokaboni kilichojazwa oksijeni, na panya wakapumua. Mwaka 1989 kule Philadelphia madaktari walikijaribu kwa watoto mahututi waliozaliwa kabla ya wakati. Mapafu yalipata nafuu kidogo, lakini watoto hawakupona. Hadi leo tiba hiyo haijawa ya kawaida hospitalini.

Basi nikaikumbuka ile chupa yetu. Maji niliyodhani yatamwua ndugu yangu ndiyo yaliyomlindia pumzi. Sasa anatambaa nyumba nzima akivuruga vitabu vyangu. Lakini akilala, bado nasogeza sikio nimsikilize.

Mwenzangu, usidharau kitu kidogo. Kidogo si haba.