Mgema Akisifiwa

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini wahenga walimjua mgema mmoja, mwenye minazi yake michache na wateja anaowafahamu kwa majina. Hawakuwahi kumwona mgema mwenye tawi Westlands, tawi katikati ya jiji, tawi uwanja wa ndege na jingine Kisumu, kila tawi likiwa na kiti kile kile, kikombe kile kile na harufu ile ile mlangoni. Mgema wa namna hiyo akisifiwa, maji yanaingilia wapi?

Nalileta swali hili kwenu vijana wenzangu kwa sababu sisi ndio tunaowasifu wagema hawa kuliko watu wote. Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba mambo yako yameanza kunyooka, unamwambia mkutane wapi? Si kwa Mama Nani pale kona. Unamwambia, "Tupatane Java."

Hebu tuanze na jina hilo. Java ni kisiwa cha Indonesia. Wamarekani wana mazoea ya kuiita kahawa hivyo, na ni Wamarekani wawili, Kevin Ashley na Jon Wagner, waliofungua Nairobi Java House mwaka 1999 pale Adams Arcade, Barabara ya Ngong. Baadaye wakaja wengine kama Artcaffe, na leo huwezi kupita ndani ya jumba kubwa la maduka Nairobi bila kusikia mashine ya espreso ikipumua kama garimoshi. Kwa hiyo nchi ambayo kahawa yake inagombaniwa na wachomaji wa Ulaya na Marekani ilifundishwa kuketi na kuinywa na duka lenye jina la kisiwa cha watu wengine!

Silaumu. Sisi wa bara tulikuwa watu wa chai. Hata lugha yetu inatucheka: neno mkahawa lina kahawa ndani yake, lakini ingia mkahawa wowote wa kawaida River Road uitishe kahawa, uone utakavyoangaliwa. Ukibahatika utaletewa maji moto na kijiko cha unga wa kopo. Watu wa pwani wasiingizwe katika aibu hii. Mombasa, Lamu na Unguja walikuwa wakinywa kahawa chungu barazani zamani sana, muuzaji akipita na birika lake na kugonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Wao hawakungoja 1999.

Basi mwezi uliopita nikachukua daftari langu na pesa za kibarua cha kusahihisha prufu, nikazunguka mikahawa mitatu yenye matawi, ambayo siitaji, na vibanda viwili ambavyo hata ningetaka kuvitaja havina jina.

Kahawa kwanza. Nasema kweli: ni nzuri. Nilikwenda nikiwinda maji ndani ya tembo na sikuyaona. Niliitisha nyeusi, bila sukari, mahali pote patatu, na mara mbili kati ya tatu nilipata ule uchachu mtamu wa kahawa ya Mlima Kenya, unaokumbusha tunda damu lililoiva. Ya tatu ilikuwa imechomwa kupita kiasi, ikaacha ladha ya mkaa, lakini hata hiyo niliimaliza.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Ukutani wameandika AA kwa herufi kubwa, nasi tunadhani ni alama ya utamu, kama A ya mtihani. La hasha. AA ni ukubwa wa punje. Kahawa hupitishwa kwenye chekecheke, na punje zinazokataa kupenya tundu la milimita 7 hivi ndizo huitwa AA. Zinazofuata kwa ukubwa ni AB. Punje kubwa kutoka shamba lililotunzwa vibaya itabaki kuwa punje kubwa mbaya. Wanaoonja kahawa kwa kazi yao wanaijua vizuri tofauti hiyo. Sisi tunasoma ukuta.

Sasa mkate, na hapa ndugu zangu tuvumiliane. Niliagiza ule mkate wa Kifaransa uliokunjwa kama mwezi mwandamo, ambao ukiwa mzima unapaswa kuvunjika mkononi na kukuachia makombo kifuani mpaka uone haya. Wangu ulijipinda. Niliuvuta ukanivuta. Mahali pengine keki ya karoti ilikuwa baridi kama imetoka kulia kwenye jokofu, na mahali pa tatu mandazi (ndiyo, siku hizi wanauza hata mandazi, kwa bei ya kuomba msamaha) yalipashwa moto katika mashine na kuja laini upande mmoja na magumu upande wa pili.

Kwa nini kahawa iwe nzuri na mkate uwe vile, chini ya paa moja? Nilijiuliza nikitafuna, na jibu si gumu. Kahawa iliyochomwa hukaa siku nyingi kabla ya kuharibika, mradi haijasagwa. Inafika tawini ikiwa punje, inasagwa mbele ya macho yako, na mashine inafanya kazi ile ile Nairobi kama Kampala. Kijana akifunzwa vizuri anaweza kuirudia mara mia kwa siku. Mkate hauna subira hiyo. Penye matawi mengi ni kawaida kuoka mahali pamoja usiku, kupakia kwenye gari alfajiri na kusambaza. Mkate wa siagi wenye matabaka huanza kufa saa chache baada ya kutoka tanuri: unavuta unyevu, ule ukavu wa juu unaondoka, na hakuna mashine ya kupashia itakayoufufua. Kadiri matawi yanavyozidi, ndivyo tanuri linavyozidi kuwa mbali na meza yako. Maji ya mgema huyu yanaingilia barabarani.

Mama wa kibanda hana tatizo hilo kwa sababu hana tawi. Andazi linatoka kwenye mafuta linakuja kwako, na ukichelewa linaliwa na mwingine. Ng'ambo ya barabara kutoka mkahawa mmoja nilioutembelea kuna kibanda cha mabati, na kama saa nne hivi asubuhi niliona wahudumu wa mkahawa, bado wamevaa sare zao, wakivuka wawiliwawili kwenda kunywa chai ya maziwa na mandazi. Nilivuka nami. Nikamuuliza dada mmoja mbona hawali ya kwao. Akacheka, akasema, "Wee, hii ni ya moto." Basi. Wanaotaka uhakiki mrefu kuliko huo wataupata wapi?

Lakini kama hesabu ingekuwa kahawa na mkate tu, nisingesumbua ukurasa huu. Ukweli ni kwamba wengi wetu hatuendi kule kunywa wala kula. Tunakwenda kuketi.

Mimi nakaa mtaa ambao nyumba ni chumba na sebule. Sebule ni ya wote, redio ni ya wote, na jirani naye ana spika yake ambayo ni ya ploti nzima. Ukitaka kuandika ukurasa mmoja wa hadithi unangoja saa sita usiku, na saa sita usiku macho yamekwisha. Mkahawa wenye matawi unakupa meza, mwanga, umeme wa kuchaji simu, intaneti na choo kisafi ambacho hakuna mtu anayekusimamia mlangoni akidai shilingi kumi. Kundi letu la waandishi wanne lilikutana mahali kama hapo Jumamosi nyingi. Tulikuwa tunaagiza sufuria moja ndogo ya chai na vikombe vinne, tunasomeana hadithi mpaka chai inakuwa barafu. Hadithi tatu zilizochapishwa na mmoja wetu zilizaliwa mezani pale. Siwezi kuwadharau.

Halafu sifa zikazidi. Foleni ikaanza mlangoni siku za Jumamosi. Namba ya siri ya intaneti ikawa inachapwa kwenye risiti na kufa baada ya saa moja. Meneja, kwa heshima zote, akawa anapita kila nusu saa kuuliza kama tungependa kitu kingine. Tungependa, lakini kwa pesa gani? Siku moja akatuambia meza ya watu wanne ni ya watu wanne wanaokula. Hakukosea, ile ni biashara. Ila siku hiyo nilielewa bei ninayolipa ni ya nini. Kapuchino moja ni karibu shilingi 300 au zaidi. Kahawa iliyo ndani yake ni kijiko. Kilichobaki ni kodi ya kiti.

Tena ukiangalia nyuma, suala la nani aketi wapi katika mji huu halikuanza na meneja yule. Maktaba ya McMillan, yenye nguzo zake kubwa katikati ya jiji, ilifunguliwa mwaka 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma hadi 1958. Kahawa nayo ilikuwa hivyo hivyo: wakoloni walimzuia Mwafrika kuipanda. Katika miaka ya 1930 wachache wa Kisii, Embu na Meru walianza kukubaliwa. Wengi wa Mkoa wa Kati walingoja hadi miaka ya 1950. Babu zetu walichuma matunda ya miche ambayo hawakuruhusiwa kuimiliki.

Shosho yangu anayo miti yake Murang'a, mia na kidogo. Anauza matunda mabichi kwa kilo kwenye kiwanda cha chama cha ushirika. Nilipiga hesabu mbele yake. Inahitajika kama kilo saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa safi. Ikichomwa inapungua uzito, na inayobaki inatosha vikombe vinavyokaribia mia. Kwa hiyo kila kilo anayobeba mgongoni inazaa vikombe kama kumi na viwili. Chama kizuri, katika msimu mzuri wa miaka hii ya karibuni, kimewahi kulipa zaidi ya shilingi 100 kwa kilo. Vingine hata nusu yake havikufika. Vikombe kumi na viwili mjini ni zaidi ya shilingi 3,500. Najua kuna kodi ya jengo, mishahara, maziwa, umeme na ushuru katikati, sijasema yote ni faida. Lakini shosho aliposikia bei ya kikombe kimoja alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kikombe unakwenda nacho?"

Yeye hunywa chai. Na wengi kama yeye wameng'oa miti au wameuza mashamba. Mwaka 1987/88 Kenya ilitoa takriban tani 130,000 za kahawa. Miaka hii ni tani 50,000 hivi. Upande wa Kiambu mashamba yamekuwa nyumba, na mitaa imebaki na majina tu: Kahawa West, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani. Wapo wanaotoka huko asubuhi wakapanda matatu kwenda mjini kutafuta kikombe cha kahawa nzuri.

Basi hukumu yangu ni hii. Kahawa yao inastahili sifa, tena tuinywe nyeusi angalau mara moja tujue tunasifu nini, maana ukiifunika kwa sharubati na povu huwezi kujua kama ni ya Nyeri au ya kopo. Mkate wao haustahili. Kula kwa mama wa kibanda kabla hujaingia. Kiti chao ni kizuri kweli, lakini hicho hakikupaswa kuwa sifa ya mkahawa. Kijana anayetaka kuandika katika mji wa mamilioni ya watu asingekuwa na haja ya kununua maziwa yenye povu ili apate pembe ya meza.

Sisi wanne tumehamia maktaba. Zile za Kaloleni na Makadara zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na ambalo limejitwisha pia kazi ya kuifufua McMillan. Viti ni vya mbao, hakuna povu, na huwezi kusoma hadithi kwa sauti ya juu. Tunaandika ndani, tunatoka nje kubishana, kisha tunachanga pesa ya chai.

Kuna vijana wengi wanaotuma kazi katika jarida hili ambao najua wanaandikia vitandani, chooni na ndani ya matatu. Anayefahamu kiti kingine cha bure katika mji wake, chenye mwanga na choo, atuandikie hapa atutajie kilipo.