Shamba la Mikorosho Halikuuzwa

Huenda nawe nyumbani mwako unaye kijana aliyefaulu vema Kidato cha 4, naye asema, "Baba, mimi nataka kuwa daktari." Neno hilo lafurahisha, lakini laja na hesabu yake. Nakusimulia jinsi sisi tulivyoipiga hesabu hiyo, pengine itakufaa.

Mdogo wangu wa kike alifaulu mwanzoni mwa mwaka 2022. Alikwisha kuchagua zamani shule yake ya Kidato cha 5: shule ya kulipia, mbali na kwetu, yenye maabara nzuri na sifa kubwa. Ada ya mwaka mmoja ilizidi mavuno ya korosho ya baba ya misimu miwili. Baadaye jina lake likatoka katika orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali.

Kwetu Ruangwa neno la mjomba lina uzito. Mjomba akasema, "Uzeni shamba la mikorosho. Shule za bure hazitoi madaktari." Baba akanyamaza. Mimi ni karani wa parokia huku Nachingwea, tena nilisomea ualimu. Basi nikaitwa nyumbani nipige hesabu mbele ya wazee.

Nikasema, "Mjomba, kwa heshima yako, tuhesabu miaka yote, si hii miwili tu." Kidato cha 5 na cha 6 ni miaka 2. Masomo ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Sehemu ndefu ya safari iko mbele. Tena mtihani wa Kidato cha 6 ni mmoja kwa nchi nzima, na vyuo vya udaktari hutazama alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia, havitazami jina la shule. Bodi ya Mikopo husaidia wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini si kila mwombaji hupata, wala si kila apataye hutoshelezwa. Tukiuza shamba sasa, huko mbele tutauza nini?

Nikawakumbusha ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947, ukafika hata Nachingwea. Mashine kubwa zililetwa, reli ikajengwa kutoka pwani, mamilioni ya paundi yakatumika kung'oa miti. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha mpango ule, na karanga zilizopatikana zilikuwa chache. Fedha ziliishia katika kufyeka.

Mjomba akacheka, akasema, "Haya, tusifyeke kwa fedha ya mavuno."

Mdogo wangu hakucheka. Alilia siku mbili, wala sikumkemea, maana ndoto nayo ni mali ya mtu. Akaenda shule ya serikali. Mwaka ule ule serikali ikafuta ada ya Kidato cha 5 na cha 6, hivyo baba alitoa nauli, godoro, sare na michango midogo. Shida hazikukosekana: wanafunzi walikuwa wengi, vifaa vya maabara vichache, wakavitumia kwa zamu. Katika barua zake aliniambia kwamba yeye na wenzake wanne huamka alfajiri kufanya pamoja maswali ya mitihani ya miaka iliyopita.

Mwaka 2024 alifaulu, akapata nafasi ya kusomea udaktari Dar es Salaam. Mkopo alipewa, lakini haukutosha. Pengo hilo huzibwa kila mwaka na korosho za shamba lile lile ambalo mjomba alitaka liuzwe.

Sisemi kwamba shule za kulipia ni mbaya. Mwenye uwezo na alipe, wala asionewe wivu. Tena njia si moja: wako waliosomea kwanza utabibu miaka 3, wakafanya kazi, ndipo wakaingia udaktari.

Ila kabla hujauza shamba au ng'ombe, chukua daftari, andika gharama za kila mwaka mpaka wa mwisho. Na mtoto mwenyewe mwite aketi, asikie kila tarakimu, aulize apendalo. Akiridhika, atasoma kwa moyo wake. Akifichwa, atadhani wazazi wamemnyima.