Hema la Kuwatosha Wote: Siku Tatu Kando ya Ziwa Naivasha

Kwa wengi wetu, likizo ya shule imekuwa na maana moja kwa miaka mingi: kufunga mizigo na kwenda mashambani kuwaona wazee. Hilo ni jambo jema na lisikome. Lakini ziko familia ambazo, zikipata nafasi, hupenda kukaa siku mbili tatu pamoja mahali ambapo hakuna ng'ombe wa kukamua wala wageni wa kupikia. Hoteli ni ghali kwa nyumba yenye watoto wengi. Ndiyo sababu hema limeanza kuingia katika mazungumzo ya akina mama, hata nje ya kanisa baada ya ibada.

Swali ninaloulizwa huwa ni lile lile: "Ninunue hema la watu wangapi?" Jibu langu ni hili: usianze kwa kuhesabu watu. Anza kwa kujiuliza ni nani atalala karibu na nani, na watapumuaje usiku kucha. Niwaeleze jinsi jambo hilo lilivyotuongoza tulipokwenda Naivasha, sisi watu saba: mimi na baba watoto, mvulana wetu wa miaka 16, wasichana wa miaka 13 na 9, kitinda mimba wa miaka 5, na mama yangu mzazi aliyepita miaka 70.

Njiani na mahali penyewe

Naivasha iko yapata kilomita 90 kutoka Nairobi. Sisi tulishika barabara ya chini, ile inayoteremka Bonde la Ufa kwa kona kupitia Mai Mahiu. Chini ya mteremko liko kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka wa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Ni dogo mno, lakini mama yangu alitaka tusimame, nasi tukasimama. Kutoka hapo mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, hukuandama upande mmoja mpaka ulione ziwa.

Ziwa Naivasha liko juu, karibu mita 1,880 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua ni kali na vumbi ni jepesi kama unga, kwa kuwa udongo wa huko ni wa majivu ya volkano. Alasiri upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku baridi huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mama anayechagua hema kwa ajili ya Naivasha hana budi kuyakumbuka hayo yote manne: jua, vumbi, upepo na baridi.

Kando ya barabara ya kusini ya ziwa ziko kambi nyingi ambapo gari hufika mpaka mlangoni pa hema. Hapo ndipo penye nafuu kwa mama mwenye watoto. Huna haja ya hema jepesi la kubebwa mgongoni na wapanda milima. Hema la kilo 15 au 20 litakaa ndani ya buti au juu ya keria, pamoja na magodoro, sufuria na mtungi wa maji. Uzito hautusumbui, kinachotuhusu ni nafasi.

Mkwe na mama mkwe

Wazo letu la kwanza lilikuwa kukodi hema moja kubwa sana, wote tulale humo. Mama yangu alilisikia, akanyamaza kidogo, kisha akaniita jikoni. "Mwanangu," akasema, "mimi na mkwe wangu tulale chini ya kitambaa kimoja? Hata mkiweka mapazia kumi, nitamsikia akikoroma."

Tulicheka, lakini alikuwa amesema neno zito. Katika jamii nyingi za kwetu, mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Kadhalika mvulana aliyekwisha kupita tohara hakai chumba kimoja na wazazi wake. Mahema yenye vyumba yaliundwa na watu wa desturi nyingine. Pazia la hema huzuia macho, halizuii sauti, na heshima ya nyumba zetu inahitaji vyote viwili.

Basi tulipanga upya. Hema kubwa tukampa nyanya pamoja na wajukuu watatu wadogo. Mimi na baba watoto tulichukua hema dogo la watu wawili, mlango wetu ukitazama mlango wao, hatua kama sita kutoka kwao, ili nisikie mtoto akilia. Mvulana alipata kihema chake upande wa pili wa gari. Mume wangu alipoelezwa alifurahi kuliko wote. "Sasa Mama atapumzika," alisema, "na mimi pia."

Basi hema kubwa la familia si lazima liwe la baba na mama. Mara nyingi anayelihitaji zaidi ni mzee ambaye magoti yake hayamruhusu kutambaa, na watoto wanaohitaji mtu mzima karibu. Na mchana, mvua ikinyesha, hema hilo ndilo sebule ya wote.

Namba iliyoandikwa kwenye mfuko

Watengenezaji wengi huhesabu mtu mmoja kwa upana wa sentimita 60 hivi. Godoro la kawaida la futi 3 lina upana wa sentimita 90. Hapo ndipo akina mama wengi wanapopotea dukani. Hema lililoandikwa "watu 8" ni la watu 8 waliojipanga kama samaki ndani ya mkebe, bila mifuko, bila viatu, bila mtoto anayegeuka geuka usingizini. Kwetu ni la watu wanne au watano.

Njia rahisi ya kupima ni hii. Kabla ya kwenda dukani, tandika magodoro yenu sakafuni sebuleni kama mtakavyolala. Weka mifuko mahali pake. Acha njia ya kupita mtu akienda mlangoni usiku. Kisha chukua utepe wa fundi cherehani, upime urefu na upana wote. Vipimo hivyo viwili ndivyo utakavyovitafuta, wala si namba ya watu.

Pima pia kimo. Mtu mzima anapaswa kusimama katikati ya hema bila kuinama; sentimita 190 zinatosha wengi wetu. Kuvaa nguo ukiwa umesimama ni heshima, na kwa mzee ni afya ya mgongo. Angalia kizingiti cha mlango kisiwe kirefu cha kumkwaza mzee gizani. Milango miwili ni bora kuliko mmoja.

Hata hivyo usipite kiasi. Hema kubwa mno lenye watu wachache halipati joto, na usiku wa Naivasha utaliona.

Kitambaa, mvua na vigingi

Hema la turubai la pamba ni zito na ghali, lakini lina ubaridi mzuri mchana na linadumu miaka mingi likitunzwa. La poliesta ni jepesi, ni rahisi kukunja na bei yake ni ya chini, ila saa sita mchana huwa kama tanuri. Kwa safari mbili kwa mwaka poliesta inatosha. Lisimamishe kivulini, lakini si chini kabisa ya matawi makubwa ya migunga yenye magome ya njano iliyojaa kando ya ziwa, maana matawi hukatika.

Tafuta mambo matatu. Kwanza, kifuniko cha juu cha mvua kinachoshuka karibu na ardhi pande zote. Kile kinachofunika kipara tu kama kofia hakifai kwa mvua ya upepo. Pili, sakafu iliyoshonwa pamoja na kuta na kupanda kidogo kando kama karai. Tatu, mishono iliyobandikwa utepe kwa ndani. Ingia ndani mchana na ukague mishono. Ukiona nukta za mwanga, hapo ndipo maji yatakapopita.

Kwa vile udongo wa Naivasha ni wa majivu, vigingi vifupi vinavyokuja na hema hung'oka upepo wa alasiri unapoanza. Nunua virefu, uvipigilie kwa nyundo vikiwa vimeinama, kichwa kikitazama mbali na hema.

Hewa ni uhai

Hapa naandika kama muuguzi. Watu wanne wakilala ndani ya hema lililofungwa kabisa, pumzi zao hugeuka maji kwenye kuta. Asubuhi blanketi zimelowa, na mtoto mwenye pumu au kikohozi hulala vibaya. Kwa hiyo chagua hema lenye madirisha pande mbili na matundu ya juu, yote yakiwa na wavu mzuri wa mbu. Usiyafunge yote usiku, hata kukiwa na baridi.

Na kuna jambo kubwa kuliko unyevu. Mama, usiingize jiko la makaa ndani ya hema. Usiingize la kuota moto, la kuchemshia chai, wala lile lililobaki na makaa machache yanayokaribia kuzimika. Makaa yanayofifia bado hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikohozeshi. Huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, hata damu ikashindwa kubeba hewa safi. Mtu huhisi kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi, na wengine hawaamki. Watoto wadogo na mimba iliyo tumboni huathirika zaidi. Dirisha lililoachwa wazi kidogo si kinga. Jenereta na jiko la gesi pia vikae nje.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje mara moja kwenye hewa safi na mpeleke hospitalini, hata akisema amepata nafuu.

Baridi tuliishinda kwa njia nyingine. Baridi nyingi hutoka ardhini, kwa hiyo tulitandika mkeka na blanketi moja chini ya godoro kabla ya kufikiria ya juu. Kila mtoto alivaa soksi na kofia. Nyanya alipewa chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo.

Majirani wa usiku

Viboko hutoka ziwani usiku kula nyasi. Kambi nyingi zina uzio wa umeme upande wa maji. Uliza kabla ya kulipa, kisha simamisha hema ndani ya uzio, mbali na ukingo. Maji ya ziwa hili hupanda na kushuka. Mwaka wa 2020 yalipanda hata yakafunika sehemu nyingi za ufuo, kwa hiyo usitegemee maelezo ya mtu aliyekwenda zamani.

Kwa mzee na watoto wadogo, weka ndoo yenye kifuniko ndani ya hema, kwenye kona yenye pazia. Ni jambo la kawaida, lisionewe haya. Afadhali ndoo kuliko kumtuma mtoto gizani.

Chakula chote kilale ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa. Tumbili na nyani hupasua hema kwa ajili ya ndizi moja tu.

Mchana tulikwenda Hell's Gate, hifadhi ya taifa tangu 1984, ambapo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli karibu na pundamilia na twiga. Kuna nyati pia, kwa hiyo watoto wasitangulie peke yao. Kuhusu makorongo, yaheshimuni. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa korongoni, kwa sababu mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakafika penye jua. Sheria hiyo ni ya hema pia: usilisimamishe kamwe kwenye mkondo mkavu, hata ukiwa na mchanga laini wa kuvutia.

Kabla hujalipa

Kodi kwanza, ununue baadaye. Usiku mmoja utakufundisha kuliko maelezo yote ya muuzaji. Ukishanunua, lisimamishe uani, ulimwagie maji kwa mpira, na umwache kila mtoto ajue kufungua zipu kwa ndani gizani.

Bei ikiwa nzito, akina mama watatu wanaweza kununua hema moja kwa pamoja, kama tunavyonunua sufuria kubwa za sherehe katika chama. Andikeni ni nani analitunza, na wekeni sharti moja lisilovunjwa: hema halirudishwi mfukoni likiwa bichi. Likikunjwa na unyevu huota ukungu na kunuka kwa siku chache tu. Anayelirudisha alianike kwanza, ahesabu vigingi, afagie vumbi la Naivasha, ndipo alipeleke kwa mwenzake.