Ngozi ya Pwani Katika Upepo wa Kitengela

Ile treni ya Madaraka inayosimama vituoni huondoka Mombasa asubuhi. Ilipita Mariakani, Voi, Mtito Andei na Emali, na mchana ikatushusha Athi River. Reli hii imekuwapo tangu 2017 na majirani zetu wengi wa Mji wa Kale wamekwisha kuipanda, lakini mimi bara nilikuwa sijawahi kukanyaga. Safari hii dada yangu, aliyeolewa Kitengela, ndiye aliyeniita. "Njoo, mdogo wangu," aliniambia, "na usisahau kuniletea liwa."

Basi nikafunga kipande cha mti wa liwa na kijiwe chake cha kusagia, chupa ya marashi ya waridi, manjano, na mafuta ya nazi tuliyoyapika wenyewe. Kwetu uso wa mwanamke hutunzwa kwa vitu hivyo. Liwa husagwa kwa marashi, ikapakwa jioni, ikaachwa ikauke, kisha ikaoshwa. Nilivichukua nikiamini kwamba popote niendapo vitanifaa vilevile.

Nje ya stesheni nilipokewa na upepo. Upepo wa pwani huja na unyevu wa bahari, lakini huu ulikuwa mkavu, umebeba vumbi, na jasho lilinikauka kabla halijapata kutiririka. Nilifurahi mno! Kutembea mchana kweupe bila kulowa ndani ya buibui kulikuwa kama kupewa zawadi. Lakini matatu ilipofika Kitengela midomo ilikuwa imeanza kunivuta, na nilipoitazama mikono yangu niliiona imepauka kwa weupe ambao Mombasa huuona kwa watoto waliocheza majini kutwa.

Nilidhani ni maji. Maji ya nyumba ya dada hutoka kisimani, ni magumu, na sabuni haitoi povu upesi. Lakini maji ya namna hiyo si mageni kwangu. Nimekulia kwenye visima vya Mji wa Kale vyenye chumvi. Dada, ambaye ni muuguzi, alinieleza jioni ile tukiwa tumejifunika mablanketi kwa baridi nisiyoitarajia. Ngozi ya juu hushikwa na mafuta yake yenyewe, kama chokaa inavyoyashika mawe ya nyumba zetu za kale. Kwenye hewa kavu maji yaliyo ndani hutoroka, na sabuni kali ikiyaondoa mafuta hayo, mianya huzidi. Pwani hewa yenye unyevu hutufichia kasoro hiyo. Kitengela, takriban mita 1,500 juu ya bahari, haifichi kitu.

Asubuhi akanifanyia kipimo ambacho sikuwahi kukisikia. Nilinawa kwa sabuni laini, nikajikausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua, nikakaa saa moja bila kujipaka chochote. Kisha akanibandika kipande cha tishu kwenye paji la uso, puani, kidevuni na mashavuni. Maisha yangu yote nilijijua mtu wa ngozi ya mafuta. Tishu ya puani na pajini ikatoka na alama za mafuta kweli, lakini ya mashavuni ilitoka safi, na mashavu yenyewe yalikuwa yamekaza hata kutabasamu kukawa kazi. "Wewe ni mchanganyiko," akasema. Nilibaki nimeishika ile tishu, nikishangaa jinsi nilivyoishi na uso wangu miaka yote bila kuujua.

Kuanzia hapo nikaanza kuitazama nyumba ile kwa macho mapya, maana kila mtu alikuwa na ngozi yake na utaratibu wake. Shemeji ana ngozi kavu. Huoga maji ya vuguvugu kwa muda mfupi, sabuni akaiweka makwapani, kinenani na miguuni tu, kisha hujipaka Arimis mwili ungali na unyevu. Nilicheka nilipoona kopo lake, kwa kuwa Arimis ilitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe wakati wa kukamua. Lakini Wakenya wengi wameifanya mafuta yao ya ngozi, na kwenye upepo ule niliona sababu. Mafuta mazito hayaleti maji, hufungia yaliyopo. Ukiyapaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, unafungia ukavu.

Mpwa wangu mkubwa, kijana wa sekondari, ana chunusi. Yeye hunawa uso asubuhi na usiku, bila kusugua, na hupaka dawa ya benzoili peroksidi kutoka duka la dawa. Mafuta yangu ya nazi yakapigwa marufuku usoni pake, kwa kuwa huziba vinyweleo vya mwenye chunusi; mwilini anaruhusiwa kuyapaka. Mdogo wake ana pumu ya ngozi. Kwake hakuna sabuni yenye manukato, na Vaseline isiyo na harufu hupakwa mara tu anapotolewa kwenye beseni. Marashi yangu ya waridi yakapandishwa juu ya kabati asiyafikie.

Siku iliyofuata tukapanda matatu kwenda Kajiado mjini. Baada ya Isinya mbuga ikafunguka pande zote, na mimi niliyezoea vichochoro ambamo jirani hupokezana sahani dirishani sikujua niweke wapi macho. Kajiado iko juu zaidi, takriban mita 1,700. Kila ukipanda mita 1,000, makali ya miale ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10, wala wewe hutahisi, kwa sababu upepo unakupoza. Huo ndio mtego wa nchi ya juu: jua linachoma na mtu anatafuta sweta.

Sokoni tulikaa na mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza shanga. "Takwenya, yeyo," nilisema kama nilivyofundishwa. "Iko!" akaitika, akacheka matamshi yangu. Nilimuuliza walijipaka nini zamani. Akaniambia ni mafuta ya kondoo, na kwa sherehe udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta hayo, mpaka ngozi ing'ae. Dada akaongezea jambo lililonifurahisha kuliko yote ya safari. Wekundu wa udongo ule ni oksidi ya chuma, na oksidi hiyohiyo hutiwa leo katika losheni za kukinga jua zenye rangi, ambazo huwafaa hasa watu weusi, kwani huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa yaliyoachwa na chunusi. Weusi wetu hutukinga kwa kiasi na kuungua, lakini hauzuii madoa. Kwa wenye ualbino losheni ya kukinga jua ni ya lazima. Ndiyo maana Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwagawia losheni bila malipo.

Soko lilelile lina magadi, mabonge ya kijivu kama tunayotia jikoni kunde ziive upesi. Hutoka Ziwa Magadi, katika kaunti hii hii, ambako kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa 1911. Soda hiyo hutumika viwandani kutengenezea vioo na sabuni. Lakini ngozi ina uchachu kidogo, kipimo chake cha pH kikiwa karibu na 5, ilhali sabuni nyingi za kipande hufika 9 au 10. Tangu siku ile sabuni ya kufulia haijagusa uso wangu.

Tuliporudi Kitengela tulipita dukani, na rafu nzima ilikuwa ya krimu za kung'arisha. Kenya ilikwisha kupiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini mkorogo bado hupita mlango wa nyuma. Zebaki huharibu figo. Krimu za steroidi zikitumiwa ovyo huidhoofisha ngozi ikawa nyembamba, ikaota chunusi na michirizi. Iliniuma kumwona msichana mwenye ngozi nzuri ya kahawia akihesabu pesa zake mbele ya rafu ile. Hakuna upepo wala jua la Kajiado linaloweza kumfanyia ubaya kama kopo lile.

Liwa yangu sikuitupa. Dada na mimi tuliisaga jioni, tukaipaka puani na pajini penye mafuta, tukaiosha kabla haijakauka kabisa, mashavu tukayapaka mafuta mepesi. Nikifika Mombasa nitawaambia shoga zangu hivi: kabla hujanunua kopo kwa kuwa limemfaa jirani, nawa, kaa saa moja uso ukiwa mtupu, uusikilize. Na ukihama mji, uulize tena.