Shaba Katika Hifadhidata

Nikiacha kuandika programu, mimi hukusanya medali za ukumbusho wa migodi, zile za shaba iliyochanganywa na bati. Niipendayo zaidi ni ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa 1906. Wasemaji wa Kiswahili ndio waliochimba shaba hiyo. Hata mkoa wenyewe uliitwa Shaba hadi 1997.

Medali zangu nimezitengenezea hifadhidata: mwaka, uzito, kipenyo, mchongaji. Kisha nikaongeza safuwima ya wachimbaji, maana medali husifu kampuni tu. Hadi leo ina jina moja: Léonard Mpoyi, kiongozi wa mgomo wa Elisabethville, aliyeuawa kwa risasi pamoja na wenzake Desemba 1941.

Je, msomaji, wewe wakusanya nini?